Barafu Inayoelea na Hoja Inayoelea



Iko hoja moja inayotembea katika mabaraza yetu, na wenye kuitumia huitoa kwa furaha ya mtu aliyekwisha kushinda kesi. Ukitaja khabari ya barafu kuvunjika huko Ncha ya Kusini, watakwambia: "Tia vipande vya barafu ndani ya gilasi, ujaze maji mpaka ukingoni, kisha ungoje. Barafu itayeyuka yote na hapana tone litakalomwagika. Basi barafu inayoelea baharini ikiyeyuka, bahari haipandi. Mnatutisha bure." Wasikilizaji hucheka, kahawa huzunguka, na mazungumzo hugeuzwa yakawa ya mpira.

Tunaijibu hoja hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa hoja yenyewe ni kweli. Ya pili ni kuwa nusu ya kweli, ikitumiwa kuifunika nusu yake ya pili, hudhuru kuliko uwongo mtupu. Kwani uwongo hukamatwa mlangoni, lakini nusu ya kweli hukaribishwa ndani ikapewa kiti.

Ni kweli kwamba kitu kinachoelea kimekwisha kuchukua pahala pake ndani ya maji kwa kadiri ya uzito wake, na kikiyeyuka maji yake hujaza pahala pale pale. Hatuna ugomvi na gilasi. Ugomvi wetu ni na yule anayedhani kwamba barafu yote ya Antaktika imo ndani ya gilasi hiyo. Hoja yake inaelea, lakini yeye mwenyewe haijamwelea.

Barafu ya huko ni ya namna mbili. Namna ya kwanza imekaa juu ya nchi kavu. Imerundikana kwa theluji ya maelfu kwa maelfu ya miaka, na pahala pengine unene wake wapita kilomita 3. Ile iliyoko Greenland, katika ncha ya Kaskazini, lau ingeingia baharini yote, ingepandisha bahari za dunia kwa mita 7 hivi. Na ile ya Antaktika, mita 58 hivi. Hapana mtaalamu asemaye kuwa itaingia yote kesho, wala katika karne hii. Tumeyataja haya ili ujue ukubwa wa ghala linalozungumzwa.

Namna ya pili ni mabamba yanayoelea. Barafu ya nchi kavu hutambaa polepole kwa uzito wake, kama mto ulioganda, mpaka ikafika pwani; kisha huendelea mbele juu ya maji, ikawa bamba kubwa linaloelea huku limeshikamana na barafu iliyo nyuma yake. Bamba hilo hubanwa na kingo za ghuba lilimo, na huparuza miamba iliyo chini yake, na kwa kubanwa huko huizuia barafu ya nyuma isishuke upesi. Bamba, basi, ni komeo la mlango wa ghala. Nani katika sisi atakayesema kwamba komeo la duka lake likivunjwa usiku si kitu, kwa kuwa komeo lenyewe lina thamani ya shilingi chache? Hilo ndilo wanalolisema watu wa gilasi.

Sasa tufike kwenye maji yanayolivunja komeo hilo, maana hapo ndipo wengi wasipopajua.

Jua la kiangazi likipasha uso wa bamba, theluji ya juu huyeyuka. Mwanzoni hapana dhara kubwa: chini yake iko theluji kongwe yenye vinyweleo vya hewa, nayo huyanyonya maji yale kama sifongo, yakaganda tena mle mle. Lakini sifongo lina mwisho wake. Kiangazi baada ya kiangazi, vinyweleo hujaa barafu ngumu, na maji mapya hukosa pa kwenda. Ndipo hutuama juu yakawa vidimbwi, na vidimbwi vikakutana vikawa maziwa ya rangi ya buluu. Na kwa kuwa maji hayang'ai kama theluji, badala ya kulirudisha jua hulinyonya, na kwa joto hilo huyeyusha barafu zaidi.

Kila bamba lina nyufa zake. Ufa mkavu haushuki mbali, kwani kadiri unavyokwenda chini ndivyo barafu ya pande mbili inavyoubana kwa uzito wake. Ufa uliojaa maji una tabia nyingine kabisa. Mita 1 ya ujazo ya maji ina kilo 1,000, na ya barafu ina kilo 917 hivi. Maji ni mazito kuliko barafu. Kwa hiyo maji yaliyo ndani ya ufa huupanua kwa nguvu inayoshinda nguvu ya barafu kuubana, na maadamu unaendelea kujazwa, ufa huo utashuka hata utokeze upande wa pili. Hesabu yake aliionyesha Johannes Weertman tangu mwaka 1973. Zingatia jambo hili, msomaji: hayatakiwi maji ya kuyeyusha bamba zima. Yanatakiwa maji machache yaliyotuama juu ya ufa.

Wewe uliyekulia katika nyumba ya mawe na chokaa huhitaji mwalimu kwa hili. Dari lililolazwa juu ya boriti hustahimili masika baada ya masika, muda mlizamu wake uko wazi na maji yanapata njia. Mlizamu ukiziba, maji yakatuama darini, yakaupata ufa mmoja wa chokaa, basi nyumba iliyojengwa na babu wa babu yako huanguka. Na siku hiyo majirani husema, "Imeanguka ghafla." Haikuanguka ghafla. Ilianza kuanguka siku maji yalipokosa njia.

Ndivyo ilivyokuwa khabari ya bamba lililoitwa Larsen B, upande wa mashariki wa ile rasi ndefu ya Antaktika inayoelekea Amerika ya Kusini. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, joto la hewa la rasi hiyo lilipanda kwa nyuzi 2.5 hivi za Selsiasi. Bamba lenyewe lilikuwa na unene wa mita 220 hivi, na mashapo yaliyochimbuliwa chini ya bahari yameonyesha kwamba lilikuwapo pale kwa zaidi ya miaka 10,000. Katika kiangazi cha 2001 kuingia 2002, maziwa zaidi ya 2,000 yalionekana juu yake. Tarehe 31 Januari 2002 likaanza kuvunjika, na kwa muda wa siku 35 hivi, kilomita za mraba 3,250 zilikuwa zimegeuka vipande vinavyoelea. Eneo hilo ni karibu sawa na Unguja mbili. Na uzito wa barafu ile ulikadiriwa kuwa tani bilioni 720. Kilichosimama miaka 10,000 hakikumaliza siku 40.

Watafiti waliolichunguza jambo hili baadaye wameeleza namna ilivyowezekana. Ziwa lililojaa huliinamisha bamba kwa uzito wake. Likitoboka na maji yakashuka, bamba huinuka tena, na kule kuinuka hupasua nyufa mpya pembeni. Nyufa hizo hulitoboa ziwa la jirani, nalo likatoboa la jirani yake. Mwisho bamba zima hukatika vipande vyembamba, vikapinduka majini, na kila kinachopinduka hukisukuma chenziwe.

Je, bahari ilipanda kwa kuvunjika kwa Larsen B? Hapana, karibu haikupanda. Watu wa gilasi walisema kweli. Lakini tazama kilichotokea nyuma ya komeo. Mito ya barafu iliyokuwa ikizuiliwa na bamba lile, iitwayo Hektoria, Green na Evans, ilianza kukimbilia baharini. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2004 vilionyesha kuwa kufikia 2003 kasi yake ilikuwa imeongezeka kufikia mara 8 ya ile ya mwaka 2000. Na jirani yake ipo mito miwili mingine, Flask na Leppard, ambayo mbele yake kilibaki kipande cha bamba kisichovunjika. Mito hiyo miwili haikuongeza mwendo wakati ule. Nchi ni ile ile, hewa ni ile ile, majira ni yale yale. Penye komeo barafu ilitulia, na pasipo komeo ilitoka mbio. Unataka shahidi gani zaidi ya huyu? Na barafu iliyotoka mbio ilikuwa ya nchi kavu, haikuwa ndani ya gilasi. Kila tani yake iliyoingia majini imeongeza maji.

Wala asije mtu akasema kwamba hapana aliyejua. Mwaka 1978, John Mercer wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, aliandika katika jarida la Nature kwamba moshi wa makaa na mafuta ukiendelea kuipasha dunia joto, dalili moja ya khatari itakuwa kuvunjika kwa mabamba ya rasi ile ya Antaktika, kuanzia yale ya kaskazini kabisa na kuendelea kusini hatua kwa hatua. Wako waliomwona mtia watu hofu. Akafa mwaka 1987. Mwaka 1995 likavunjika Larsen A, lililo kaskazini. Mwaka 2002 likafuata Larsen B, lililo kusini yake. Mtu aliyetaja mlango na akataja mpangilio wa milango, kisha ikavunjwa kama alivyotaja, hastahili kuitwa mzushi.

Lakini haki ina pande mbili, na sisi hatupendi kumsuta mtu wa nusu ya kweli kisha na sisi tukauza nusu yetu. Wako upande wa pili watu wanaotia chumvi mpaka chakula hakiliki. Kwao kila ziwa juu ya barafu ni kiyama. Hao nao tuwaambie yaliyo.

Huko Greenland, Julai 2006, ziwa moja la magharibi lenye maji mita za ujazo milioni 44 hivi lilitoboka, likashuka kupitia barafu yenye unene wa mita 980 kwa muda usiofika saa mbili, kwa mmiminiko uliozidi ule wa maporomoko ya Niagara. Barafu yenyewe iliinuliwa zaidi ya mita 1. Watu wakakhofu kwamba maji yakifika chini yatailainishia barafu njia, iteleze bila kusimama. Baada ya kupima miaka mingi, wataalamu wale wale wakasema: barafu huenda mbio mwanzo wa kiangazi, ndiyo, lakini maji yakizidi hujichimbia mifereji chini yake, yakatoka, na mwendo ukapungua. Mahali pengine pa kusini-magharibi ya Greenland, mwendo wa mwaka mzima umepungua hasa. Na katika Antaktika, bamba liitwalo Nansen lina mto unaopita juu yake na kumwagika baharini kwa maporomoko yenye upana wa mita 130; yaani bamba hilo limepata mlizamu wake, na maji hayatuami. Tena, barafu nyingi inayopotea Antaktika hivi leo huliwa kutoka chini, na maji ya bahari yenye joto, si na vidimbwi vya juu.

Haya yote ni kweli, na tumeyasema kwa kauli kamili. Je, yanatupa ruhusa ya kulala? La hasha! Greenland haihitaji kuteleza ili itudhuru. Karibu nusu ya khasara yake ni maji ya juu yanayotiririka moja kwa moja hadi baharini. Katikati ya Julai 2012, karibu uso wote wa barafu yake, zaidi ya asilimia 95, ulionekana kuyeyuka kwa wakati mmoja. Tarehe 14 Agosti 2021 ilinyesha mvua, mvua ya maji si theluji, kwenye kilele chake kilicho mita 3,216 juu ya bahari, jambo ambalo halikupata kuandikwa katika kituo kile kabla ya hapo. Na huko Mashariki ya Antaktika, pahala palipodhaniwa kuwa ni baridi mno kwa mambo haya, wachunguzi wa picha za setilaiti walihesabu maziwa zaidi ya 65,000 katika Januari 2017. Utafiti wa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 60 ya eneo la mabamba ya Antaktika ni mabamba yanayozuia barafu ya nyuma na wakati huo huo yanaweza kupasuka iwapo maji yatatuama juu yake. Leo mengi yao hayana maji hayo. Swali ni sisi wanadamu tutaipasha hewa kiasi gani kabla sifongo halijajaa.

Sasa tuisikilize hoja ya pili, nayo ni ya watu wa bahari khasa. Husema: "Bahari yetu hupwa na kujaa kila siku, na siku za bamvua tofauti yake ni karibu mita 4. Mnatuletea khabari ya milimita 4 kwa mwaka?" Ni hoja ya mjuzi, nayo yastahili jibu la kijuzi. Tangu mwaka 1993, setilaiti zilipoanza kuipima bahari mfululizo, maji ya dunia yamepanda kwa wastani wa sentimita 10 hivi, sehemu kwa maji kutanuka kwa joto na sehemu kwa barafu kuyeyuka; na kasi yake imezidi maradufu, kutoka milimita 2 hivi kwa mwaka hadi zaidi ya 4. Sentimita hizo hazipwi. Bamvua huja na kurudi, lakini kilichoongezwa hukaa, na bamvua inayofuata hupanda juu ya mgongo wake. Ukuta unaofurika haufuriki kwa wastani wa mwaka. Hufurika usiku mmoja wa mwezi mpevu, upepo ukivuma kutoka baharini, kwa tofauti ya upana wa kiganja. Muulize mwenye kisima karibu na ufuo ni lini maji yake yalipoanza kuwa na ukakasi wa chumvi.

Tena maji ya barafu hayamwagiki sawasawa duniani. Rundo kubwa la barafu huivutia bahari iliyo karibu nalo kwa uzito wake. Likipungua, mvuto hupungua, na maji yale huondoka karibu yake yakaenda mbali. Kwa hiyo wanaokaa mbali na barafu, kama sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta, hupata fungu lililozidi wastani. Anayesema "hayo ni mambo ya huko kwa pengwini" hajui kwamba mzigo wa huko hushushwa bandarini kwetu.

Hoja ya tatu husemwa kwa uchungu, nayo ina haki ndani yake: "Si sisi tuliochoma." Kweli. Tangu zama za viwanda, Afrika nzima imetoa karibu asilimia 3 tu ya hewa ya ukaa inayotokana na makaa, mafuta na gesi. Lakini mwenye kudhulumiwa asiyeijua dhulma yake ataidai vipi? Watu wa Vanuatu, visiwa vidogo vya bahari ya Pasifiki, hawakukaa wakinung'unika. Waliongoza mataifa mengine mpaka suala hili likafikishwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague; na tarehe 23 Julai 2025 mahakama hiyo ikatoa maoni yake kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda hali ya hewa, na kwamba kuuvunja wajibu huo kwaweza kuleta deni la fidia. Walifika huko kwa kuijua khabari yao kamili, hawakufika kwa mzaha wa gilasi.

Na wako wanaolitupa jambo lote kwa kudura, kisha wakajinyoosha. Hao tuwaulize neno moja tu: nyumbani kwao, boriti ikioza, huiachia kudura au humwita fundi?

Basi nini la kufanya, ndugu msomaji? Hatukutaki uende Antaktika ukazibe nyufa. Tunakutaka kwanza uache kuipitisha nusu ya kweli barazani bila kuidai nusu yake. Mtu akikuletea gilasi, mwulize: nyuma ya barafu inayoelea kuna nini, na nani anayeizuia? Pili, tunakutaka uangalie mkono wako mwenyewe. Ukata mikoko inayovunja nguvu ya mawimbi, uchote mchanga wa ufuoni kwa magari, ujenge pale bahari inapopumulia, kisha ulalamike kwamba wakubwa wa dunia ni madhalimu? Dhulma yao haiihalalishi yako. Tatu, wadai wale uliowapa amana ya mji: wapi wataweka makaburi, visima, shule na barabara za pwani katika miaka 30 ijayo, na kwa hesabu gani ya bahari? Kiongozi asiyekuwa na jibu la swali hilo anajenga kwa fedha zako nyumba isiyokuwa na mlizamu.

Kati ya onyo la 1978 na kuvunjika kwa Larsen B mwaka 2002 ilipita miaka 24. Ni muda wa mtoto kuzaliwa, kusoma na kuoa. Miaka hiyo ilikuwapo, onyo lilikuwapo, na kwa sehemu kubwa ilitumiwa kubishana. Watoto wanaozaliwa leo Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja watakuwa na umri huo huo karibu na mwaka 2050, na wataishi kando ya bahari hii hii. Watatuuliza tulijua nini. Tusije tukawa hatuna cha kuwaonyesha ila gilasi ya maji.